Mpe yaya Wi-Fi, ila si nenosiri lenu kuu

Ndugu, umeuliza kama umpe yaya intaneti ya nyumbani au ajitegemee na bando lake. Mimi nasema mpe. Huyo ndiye anayebaki na mtoto. Vipele vikimtoka saa nane mchana, unataka akupigie kwa video uvione mwenyewe, si akose bando.

Ila usimpe nenosiri lenu kuu. Ingia kwenye mipangilio ya ruta (kile kifaa kinachosambaza Wi-Fi nyumbani), washa mtandao wa wageni, uupe jina na nenosiri lake. Kwa kawaida simu yake itapata intaneti bila kuzifikia kompyuta na printa zenu, na ruta nyingi zinakuruhusu kupunguza kasi upande huo. Akiacha kazi, unabadili nenosiri hilo tu.

Hofu kwamba atashinda kwenye simu haiondoki kwa kumnyima, maana bando atanunua. Kubalianeni: mtoto anaoga au anakula, simu iko mezani, picha za mtoto hazipandishwi mtandaoni. (Na nyinyi wazazi mfuate hilohilo.) Kama analala kwenu, jioni ni yake, usichunguze anatazama nini. Na kama mna kamera, mwonyeshe zilipo.