Mkutano wa video nyuma ya faiawoli: simu kuunganika hakutoshi

Mafundi wengi hupiga simu moja ya majaribio, wakiona imeunganika hufunga kazi. Kumbe ishara za kupigiana simu na picha yenyewe hazipiti njia moja. Kuna itifaki mbili za kupigiana simu, SIP na H.323. Kwa SIP, ishara hutumia poti 5060, au 5061 zikisimbwa kwa TLS, kwa H.323 simu huanzia TCP 1720. Sauti na picha husafiri kwa UDP, njia ya kutuma data isiyosubiri kilichopotea kitumwe upya, kwenye poti zinazochaguliwa wakati simu inaanza. Faiawoli inaweza kuruhusu za kwanza na kuzuia za pili, nanyi mkabaki na simu iliyopokelewa huku skrini ni nyeusi.

Kwa hiyo anza kwa kubana wigo wa poti za UDP kwenye mipangilio ya mashine ya mkutano wa video, kisha mpe msimamizi wa mtandao wigo huohuo, si "fungua zote". Kwa kawaida sauti, picha, slaidi na kuongoza kamera ya upande wa pili kila kimoja huchukua poti mbili, kwa hiyo simu moja hula takriban nane. Zidisha kwa idadi ya simu za pamoja, ongeza akiba.

Kinachosumbua zaidi ni NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa anwani ya umma. Mashine huandika anwani yake ya ndani, tuseme 192.168.1.20, ndani ya ujumbe wa kuanzisha simu. Upande wa pili ukituma picha kwenye anwani hiyo, haifiki popote: wao wanakuona, wewe huwaoni. Ipe mashine anwani yake ya umma isiyobadilika na uiandike kwenye sehemu ya NAT ya mashine. Ukishafanya hivyo, zima SIP ALG au H.323 ALG kwenye ruta, yaani kipengele kinachorekebisha anwani hizo chenyewe ndani ya ujumbe. Viwili vikirekebisha anwani ileile kwa pamoja, ujumbe huharibika, na hitilafu hiyo hukuchosha kuitafuta kwa sababu huja na kuondoka.

Ikiwa mnatumia huduma ya wingu pekee, hamhitaji kufungua chochote cha kuingia. Ruhusuni trafiki inayotoka kupitia TCP 443 pamoja na poti za UDP za huduma husika: Zoom hutumia 8801 hadi 8810, Teams 3478 hadi 3481. UDP ikizuiwa mkutano hurudi kwenye TCP na bado utafanyika, ila picha itaganda kila pakiti (kipande cha data) inapopotea, maana TCP husubiri itumwe upya.

Usiweke ukurasa wa usimamizi wa mashine wazi kwa intaneti nzima. Ufikie kwa VPN, na ubadilishe nywila ya kiwandani. Poti 5060 nayo ruhusu anwani mnazozijua tu. Ikiachwa wazi, programu za kutafuta mianya zitaipigia mashine usiku na mchana.

Kabla ya kujaribu kwa mbali, hakikisha kuna mtu chumbani mwenye simu ya mkononi. Piga kutoka nje ya mtandao wa ofisi, hata kwa data ya simu. Jaribio la ndani kwa ndani halipiti kwenye faiawoli. Mashine ipige nje, kisha ipigiwe. Shiriki slaidi pia, kwani hufungua mkondo mwingine wenye poti zake. Wakati simu inaendelea soma ukurasa wa takwimu: upotevu wa pakiti uwe chini ya asilimia 1, mtikisiko wa muda (jitter, yaani pakiti kufika kwa nafasi zisizo sawa) chini ya milisekunde 30, ucheleweshaji wa njia moja usizidi 150.

Muda ambao simu inakatika hukuambia mengi. Ikikatika baada ya sekunde 32 hivi kwenye SIP, uthibitisho wa mwisho, yaani ACK, haukufika. Angalia anwani iliyoandikwa kwenye ujumbe. Ikikatika dakika ya 15 au 30, kila mara palepale, shuku faiawoli iliyosahau muunganisho wa ishara: SIP hupendekeza kipindi cha sekunde 1800 na huhuisha simu katikati yake. Ongeza muda wa kusubiri kwenye faiawoli. Ndiyo sababu simu ya majaribio iachwe hewani zaidi ya nusu saa.

Pakiti zikipotea hata ndani ya ofisi, usiilaumu faiawoli. Tazama kebo, kisha mwendo wa poti ya swichi. Upande mmoja ukiwa otomatiki na mwingine umefungwa kwa mkono kwenye 100 Mbps, otomatiki huangukia nusu-dupleksi (kutuma na kupokea kwa zamu), na picha huvunjika kila trafiki inapozidi.