Maswali yenu kuhusu herufi X

Alfabeti ya Kiswahili haina X, lakini tunakutana nayo kila siku. Haya ni baadhi ya maswali mliyoniletea.

Kwa nini Wasomali huandika "Xasan"? Husomwaje?

Ni Hasan yuleyule. Herufi za Kilatini zilipofanywa kuwa maandishi rasmi ya Kisomali mwaka 1972, lugha hiyo ilikuwa na H mbili: nyepesi kama yetu, na nzito ya kooni, ile ح ya Kiarabu. H ikapewa ile nyepesi. X haikuwa na kazi, maana Kisomali hakikuihitaji kwa sauti ya "ks", ikapewa ile nzito. Ndiyo maana Muhammad huandikwa Maxamed na Halima huandikwa Xaliimo. Herufi C nayo ilipewa sauti nyingine ya kooni, ile ع ya Kiarabu: Cali ni Ali, Cumar ni Omari. Tafadhali msisome "Maksamed". Jina la mtu ni heshima yake.

Na X ya Kixhosa, lugha ya Afrika Kusini?

Hiyo ni kidoko. Bandika ncha ya ulimi kwenye ufizi nyuma ya meno ya juu, kisha fyonza hewa na uuachie ulimi ubavuni, karibu na magego. Itatoka sauti kama ya kumhimiza farasi. Katika jina lenyewe, Xhosa, kidoko hicho hufuatwa na pumzi. H imewekwa kuonyesha pumzi hiyo.

Ni kweli x ya aljebra ilitokana na neno la Kiarabu "shay", yaani kitu?

Wanahisabati wa Kiarabu kweli walikiita "shay" kile kinachotafutwa. Lakini kwamba neno hilo ndilo lililozaa x, ushahidi hakuna, na mimi siikubali hadithi hiyo hata kama inapendeza. Tunachokiona kwenye maandishi ni mwanahisabati Mfaransa René Descartes, mwaka 1637, akitumia herufi za mwanzo, a, b, c, kwa viwango vinavyojulikana, na za mwisho, x, y, z, kwa visivyojulikana. Desturi hiyo ndiyo tuliyoirithi.

Kwa hiyo eksirei ilipata jina huko?

Ndiyo. Mwanafizikia Mjerumani Wilhelm Röntgen alipogundua miale hiyo mwaka 1895 hakujua ni kitu gani, akaiita X. Wajerumani wenyewe huiita miale ya Röntgen. Kromosomu X, moja ya nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba sifa za kurithi, nayo wengi hudhani iliitwa hivyo kwa umbo lake. Sivyo. Mwaka 1891 mwanabiolojia Hermann Henking, akichunguza seli za mdudu, aliona kitu asichoweza kukieleza, akakiandikia X.

Kwenye namba za Kirumi?

Kumi. XI ni kumi na moja, IX ni tisa.

Kuandika "Xmas" badala ya "Christmas", yaani Krismasi, si kumfuta Kristo?

Hapana, msiwalaumu wanaoandika hivyo. X hapo ni herufi ya Kigiriki, khi, inayoanza jina la Kristo kwa Kigiriki: Χριστός. Wakristo wenyewe walilifupisha jina hilo kwa herufi hiyo karne nyingi zilizopita, wakinakili maandiko kwa mkono.