Mume ameridhia nichome sindano za urembo: je, yajuzu?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Nina kovu la kuungua na mafuta shavuni tangu utotoni, na baada ya kuzaa mtoto wa tatu uso umenitoka madoa meusi. Shoga zangu wanachoma sindano za kung'arisha mwili mzima, wengine botoksi ya kuondoa makunyanzi na fila ya kuvimbisha midomo. Mume wangu ameridhia, tena amesema atalipa. Nifanye lipi, niache lipi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu.

Dada yangu, haya hayana hukumu moja. Kovu lisikutie wasiwasi. Swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua katika vita vya Kulab, akaweka pua ya fedha, ikatoa harufu mbaya. Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi kovu lako, nenda kwa daktari likatibiwe, iwe kwa leza au kwa upasuaji. Madoa ya uzazi vilevile: hapo unairudisha ngozi ilivyokuwa.

Kung'arisha mwili mzima hakujuzu. Ngozi yako haiumwi. Rangi hiyo umezaliwa nayo. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 119, shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili maumbile ya Allah. Na Ibn Mas'ud amepokea, katika Bukhari na Muslim, laana kwa wenye kuchanja ngozi na kutia rangi, wenye kung'oa nyusi, na wenye kuachanisha meno ili wapendeze. Mwenye kutengeneza meno kwa maradhi hayumo. Ongeza madhara: mkorogo wenye zebaki unaharibu figo, na hizo chupa za sindano zinazouzwa saluni, nani anajua kilichomo?

Botoksi ina mjadala. Dawa yenyewe si najisi kwa jina lake. Madaktari huitumia kwa kipandauso sugu na jasho la kupindukia, na hilo ni tiba. Kwa makunyanzi ya umri, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilikataza kuyaondoa kwa upasuaji au kwa sindano isipokuwa yawe ni ugonjwa na pasiwe na madhara. Wapo wanazuoni wa zama hizi waliolegeza, kwa kuwa athari yake huisha baada ya miezi michache. Mimi nafuata kauli ya Baraza. Fila ya kuvimbisha midomo iliyo mizima siioni njia yake kabisa.

Ama ridhaa ya mume, mwanamke wa Kiansari alimwoza bintiye, nywele za binti zikanyonyoka. Mama akamwambia Mtume (s.a.w.) kwamba mume ndiye aliyeagiza ziunganishwe na nywele nyingine. Akajibiwa: hapana. Basi fedha ya mumeo ipokee, ilipie kovu na madoa. Msomee jibu hili naye. Waume wengi hudhani wakishalipa basi limehalalika.

Ukienda, mchague daktari wa ngozi aliyesajiliwa, na akiwepo mwanamke, huyo ndiye wa kwanza kwako.

Wallahu a'lam.