Kupoza injini ya rota kwenye ndege ya kujitengenezea: anza na oili, rejeta ifuate

Ndege yenye Mazda 13B, injini ya gari inayotumia rota badala ya pistoni, ikianza kuchemsha inapopanda, mjenzi hukimbilia kutafuta rejeta kubwa zaidi. Mara nyingi rejeta haina kosa. Ama kipoza oili kilichaguliwa kana kwamba injini ni ya pistoni, ama hewa inaingia kwenye boneti lakini haipiti kwenye mapezi, vile vibati vyembamba vya rejeta. Rejeta kubwa haiponyi lolote kati ya hayo mawili, inaongeza uzito tu.

Tuanze na oili. Kwenye injini hii oili ina kazi mbili: kulainisha beringi na kupoza rota. Shafti ya eksentriki, yaani shafti kuu inayozungushwa na rota, ina vitundu vidogo vya kurushia oili ndani ya rota, na oili hiyo hutoka na joto la upande wa moto. Kwa hesabu ya kawaida, theluthi moja ya joto la kupoza hubebwa na oili, na theluthi mbili hubebwa na maji. Injini ya kawaida ya pistoni ya ndege hupoza silinda zake kwa hewa, kwa hiyo oili yake hubeba sehemu ndogo. Ndiyo maana kipoza kinachouzwa kwa injini ya pistoni yenye nguvu ile ile hakikutoshi, hata ukikipa hewa yote ya dunia. Ukiendelea kurusha huku oili inaungua, utando wake kwenye beringi hupungua, na pete za mpira zilizo chini ya ringi za oili za rota hukauka kuwa ngumu. Baada ya hapo oili huvuja kwenye chemba ya moto, na moshi kwenye egzosi hautaisha mpaka injini ifunguliwe.

Sasa hesabu. Chukua injini inayotoa nguvu za farasi 160, yaani kilowati 119 kwenye propela. Kwa nguvu hiyo inakunywa takriban lita 50 za petroli kwa saa, zenye joto la kilowati 440 hivi. Zaidi kidogo ya robo inakuwa kazi na sehemu kubwa inatoka na egzosi. Kwa tahadhari, hesabu kwamba joto linaloingia kwenye maji na oili kwa pamoja ni sawa na nguvu ya propela: kilowati 80 kwa maji, kilowati 40 kwa oili. Ukipata jumla iliyo ndogo sana kuliko hiyo, kagua upya kabla ya kukata bati.

Hali ya kupimia ni moja tu: kupanda kwa nguvu zote, siku ya joto, kwa kasi ndogo. Ndege ikiwa kwenye mwendo wa safari hata mpango mbovu huonekana mzuri. Tuweke hewa ya nje nyuzi 38 za Selsiasi na kasi ya kupanda kilometa 165 kwa saa, yaani mita 46 kwa sekunde. Maji yakiingia kwenye rejeta yakiwa na nyuzi 95, tofauti yake na hewa ni nyuzi 57. Rejeta nene ya milimita 75 hadi 90 inayopitisha hewa vizuri inaweza kupasha hewa kwa karibu asilimia 70 ya tofauti hiyo, yaani nyuzi 40. Kilo moja ya hewa huhitaji takriban kilojuli 1 kupanda nyuzi moja, kwa hiyo kilowati 80 zinadai kilo 2 za hewa kila sekunde. Kwa hewa ya joto hilo, hizo ni kama mita za ujazo 1.75 kwa sekunde.

Hewa ipite kwenye uso wa rejeta kwa mita 8 kwa sekunde, si zaidi sana, kwa sababu upinzani wa mapezi huongezeka haraka kuliko faida. Hapo unapata uso wa mita za mraba 0.22: rejeta mbili zenye takriban sentimita 30 kwa 37 kila moja. Wapo wanaotumia, kama rejeta, evapereta za kiyoyozi cha gari, yaani vile vipande vya mapezi vinavyopoza hewa ya ndani ya gari. Ni za alumini, nene, imara kwa kuwa zilitengenezwa kuhimili shinikizo la gesi. Ubaya wake ni midomo membamba ya bomba. Lazima ikatwe na kuchomelewa mipana zaidi, la sivyo maji hayatapita ya kutosha.

Kwa oili, fanya hesabu ile ile. Ikiingia kwenye kipoza na nyuzi 115 na hewa ikapata nyuzi 45, unahitaji karibu kilo 0.9 za hewa kwa sekunde na uso wa sentimita za mraba 1,000 hivi. Ni kipande kikubwa, karibu nusu ya rejeta zote mbili kwa pamoja. Kama huna pa kukiweka, tafuta nafasi hiyo kwanza, kabla hujapanga kingine chochote mbele ya injini. Kibadilisha joto cha oili kwa maji huokoa nafasi kwa oili, lakini joto halikupotea. Rejeta sasa inabeba kilowati 120 badala ya 80, na isipokuzwa kwa nusu utakuwa umehamisha tatizo tu.

Njia ya hewa ndiyo inayoamua

Kwa mita 46 kwa sekunde siku ya nyuzi 38, hewa ina shinikizo la mwendo la paskali 1,200 tu, sawa na milimita 120 za maji kwenye bomba la umbo la U la kupimia shinikizo. Kwa kilometa 300 kwa saa unapata zaidi ya mara tatu ya hapo. Hizo paskali 1,200 ndizo mtaji wako wote wakati wa kupanda: mdomo (tundu la kuingizia hewa), koromeo (njia kutoka mdomo hadi rejeta), mapezi na tokeo (tundu la kutolea hewa) vyote vinazigombania.

Mdomo uwe kama robo ya uso wa rejeta. Kwa mfano wetu ni sentimita za mraba 550 kwa rejeta zote mbili. Kingo zake ziwe za mviringo, kwa sababu bati lililokatwa wima hurarua hewa ndege inapoinua pua. Usiuweke karibu sana na kitovu cha propela, kwani shina la jani halisukumi hewa kama sehemu ya nje.

Koromeo ndipo wengi wanapoteza kila kitu. Ukuta ulionyooka usifunguke zaidi ya nyuzi 7 hivi kila upande. Ukizidisha, hewa huachana na ukuta, inazunguka pembeni, na rejeta hupozwa katikati tu huku kona zake zikiwa za moto. Nafasi ikiwa fupi, jenga umbo la tarumbeta: lililo jembamba kwa sehemu kubwa ya urefu, likafunguka ghafla karibu na mapezi yenyewe. Pale, upinzani wa mapezi husaidia hewa kutawanyika. Rejeta iliyolazwa kwa pembe nayo inafaa, mradi koromeo lipungue taratibu kuelekea mwisho wake.

Ziba kila ufa kati ya koromeo na rejeta kwa ukanda wa mpira wa silikoni. Hewa ni mvivu. Ikipata upenyo wa kidole haitahangaika na mapezi.

Tokeo nalo lisisahaulike. Hewa iliyopashwa nyuzi 40 imetanuka kwa asilimia 13 na imepoteza shinikizo, kwa hiyo lifanye kubwa kuliko mdomo kwa angalau robo, na likiwa na kifuniko cha kufungua wakati wa kupanda, bora zaidi. Hewa ya oili na ya rejeta zikichangia boneti moja, mdomo mkubwa wa kipoza kimoja unaweza kujaza shinikizo nyuma ya kingine na kukiziba kabisa.

Mabomba

Kwa mtiririko wa lita 120 kwa dakika wa mchanganyiko nusu kwa nusu wa maji na glikoli, kilowati 80 hushusha joto nyuzi 11 hivi kupita rejeta. Ziunge rejeta mbili sambamba. Ukiziunganisha kwa mfuatano, bomba la kuvuta la pampu hukosa shinikizo na pampu huanza kutafuna mvuke. Bomba la mpira la pamoja liwe na kipenyo cha ndani cha milimita 32, na la upande wa kuvuta liwekewe springi ndani lisijikunje. Laini za oili zisipungue milimita 14, na kona kali ziwe chache.

Kila sehemu ya juu ambako hewa inaweza kujificha ipate kibomba chembamba kinachorudi kwenye tangi la juu. Mfuniko wa shinikizo ni kifaa cha usalama, usiuone kama kikorokoro. Kwenye mita 3,000, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 90. Mfuniko wa baa 0.9 unasogeza kiwango hicho hadi 113. Kwa sababu hiyo geji ya shinikizo la maji ni muhimu kama ya joto. Maji yakivuja, sensa ya joto hubaki ndani ya mvuke na inaweza kusoma vizuri huku injini inaungua. Shinikizo ndilo hushuka kwanza.

Kwa oili, andika kwenye paneli sensa iko wapi. Nyuzi 95 kabla ya kipoza ni habari njema. Nyuzi 95 baada ya kipoza, oili ikiingia kwenye injini, ina maana umekaribia mwisho. Weka sensa mbili ikiwezekana, kwa sababu tofauti yake ndiyo inayokuambia kosa liko wapi. Oili ikishuka nyuzi chache tu na bado ni moto, hewa haipiti. Ikishuka nyingi na bado inaingia moto, oili yenyewe haizunguki vya kutosha: tazama kona, laini nyembamba, au termostati ya kipoza iliyokwama na kuipitisha pembeni.

Kabla ya kulaumu mapezi, chomeka vibomba viwili vya plastiki, kimoja mbele ya rejeta na kingine nyuma, kila kimoja kiunge kwenye bomba lake la U lenye maji ambalo mwisho wa pili uko kwenye hewa tuli ya nje, na usome yote mawili wakati wa kupanda. Mbele ukipata chini ya robo tatu ya zile milimita 120, mdomo au koromeo ni kibovu. Mbele kukiwa kuzuri na nyuma kukiwa karibu sawa, tokeo limebana.

Jaribio lenyewe lifanye asubuhi kwenye baridi, dakika tano za kupanda kwa nguvu zote, kisha ongeza nyuzi moja kwenye maji na oili kwa kila nyuzi moja ya joto la nje lijalo. Maji yaliyofika 88 hewa ikiwa 22 yatafika 104 hewa ikiwa 38.