Kabla hujabonyeza REC: kuandaa sikwensa ya Korg Triton

Swali: Shikamoo fundi. Napiga kinanda kwenye kwaya yetu hapa Tanga. Nimenunua Korg Triton ya mtumba, ile ya mwanzo yenye tundu la flopi, na nataka nirekodi humo humo nyimbo zetu sita kabla hatujaingia studio. Mara ya kwanza ilikataa, ikasema kumbukumbu imefungwa. Nikahangaika mpaka ikakubali, nikarekodi wimbo mzima hadi saa saba usiku. Umeme ukakatika, asubuhi sikukuta kitu. Halafu kuna piano ambayo nikiipiga peke yake inalia tamu, nikiiweka kwenye traki (mstari wa chombo kimoja ndani ya wimbo) inakauka, haina mwangwi kabisa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, na pole sana. Usijisumbue kuutafuta huo wimbo, haupo tena. Tangu Korg walipoitoa Triton mwaka 1999, sauti ulizoandika mwenyewe hubaki hata ukikizima kinanda, lakini nyimbo za sikwensa, yaani sehemu ya kinanda inayorekodi noti unazopiga, hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Umeme ukienda, nao umeenda. Aliyekuuzia hakukupunja, ndivyo kilivyoundwa.

Kwa hiyo anzia kwenye diski, siyo kwenye muziki. Tafuta flopi nzima, ingia DISK, uiformati humo humo ndani ya kinanda. Kisha hifadhi wimbo mtupu, uupe jina lisilozidi herufi nane, zima kinanda, washa, uupakie. Wimbo ukirudi, flopi hiyo unaweza kuiamini, japo mimi ningeweka nakala kwenye ya pili. Flopi ni vitu vya zamani, na unyevu wa pwani hauzionei huruma. Zikikuchosha, kuna kifaa kinachoiga flopi: fundi anatoa kisomaji cha zamani, anakiweka hicho, wewe unachomeka flashi.

Unapohifadhi, hifadhi faili la SNG pamoja na la PCG. Hapa wengi huumia. Wimbo haubebi sauti zenyewe. Unabeba noti na namba za sauti. Ukirekodi besi kwa programu (sauti yenye namba yake) ya A012, halafu mwezi ujao ukaandika filimbi juu ya A012, wimbo wako utapigiwa besi na filimbi. Sauti ziko kwenye PCG, nyimbo ziko kwenye SNG. Viweke pamoja, kwa jina lile lile.

Kuhusu kukataa kurekodi: bonyeza GLOBAL, kwenye ukurasa wa mwanzo fungua System Preference, utaona Memory Protect. Ondoa alama kwenye Song. Ukiwa huko huko GLOBAL, nenda kwenye ukurasa wa MIDI (lugha ambayo vinanda na kompyuta huzungumza) uangalie MIDI Clock. Iwe Internal. Vinanda vya mtumba mara nyingi vimetoka kwa mtu aliyekuwa amevifunga na kompyuta. Akiacha External, unabonyeza START na sikwensa inakutazama tu, inasubiri mapigo kutoka nje ambayo hayaji.

Sasa ingia SEQ, ndiyo sikwensa, chagua S000, nafasi ya wimbo wa kwanza. Weka tempo na mita (mpangilio wa mapigo) kabla ya noti ya kwanza. Nasisitiza mita kwa sababu kinanda kinaanza na 4/4, na nyimbo nyingi za kwaya zetu zinakwenda 6/8. Ukirekodi 6/8 juu ya 4/4 utaisikia sawa, lakini mistari ya mipaka (vipande vya mapigo, yaani bar) itaanguka katikati ya maneno, na siku unataka kukata au kunakili mipaka minne ya kiitikio utalia. Metronomu iache ihesabu mipaka miwili kabla ya kuanza.

Traki ziko 16. Panga kila moja na programu yake, sauti juu au chini, kushoto au kulia, na kila moja na chaneli yake ya MIDI. Mbili zikishika chaneli moja, ukipiga moja na ya pili inaitikia.

Tuje kwenye piano yako. Unapoipiga katika hali ya programu, efekti zote za kinanda (mwangwi na mapambo mengine ya sauti) zinaitumikia yenyewe: tano za kuingizwa (Insert), mbili kuu (Master), na ikwalaiza ya mwisho, ile ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba. Ukiichagua ndani ya traki inakuja sauti tupu, efekti haziji nayo, kwa sababu zile tano na zile mbili sasa ni mali ya wimbo mzima, traki zote 16 zinagawana. Ule mwangwi ulioupenda ulibaki kwenye programu. Nenda ukurasa wa 8, gusa kimshale kilicho juu kulia kwenye skrini, chagua kunakili efekti ya kuingizwa, uichukue kutoka kwenye programu ya piano. Kisha ielekeze traki ya piano kwenye nafasi hiyo, maana bila hivyo inaendelea kwenda L/R (spika za kushoto na kulia) moja kwa moja na hutasikia tofauti yoyote. Fanya hivyo pia ukurasa wa 9 kwa efekti kuu, ndiko mwangwi wa ukumbi hukaa mara nyingi, halafu ongeza Send za traki, yaani kiasi cha sauti kinachopelekwa kwenye efekti kuu.

Tano ni chache, tena efekti nyingine kubwa hula nafasi mbili. Ushauri wangu: mwangwi mmoja wa ukumbi kwa wote, na nafasi za kuingizwa uwape ngoma, piano na ogani. Besi iache kavu, haitakulaumu.

Kinanda hiki hulia noti 62 kwa wakati mmoja, lakini programu yenye osileta (chanzo cha sauti) mbili hugharimu mbili kwa kila noti, zinabaki 31. Nyuzi nzito ukizishikilia kwa pedali zitakata mikia ya sauti nyingine. Kwa nyuzi za nyuma tafuta programu nyepesi.

Sehemu inayonyoosha mapigo wakati wa kurekodi iache HI. Ukiinyoosha papo hapo, ule mvuto wa 6/8 unakufa na huwezi kuurudisha. Ukirekodi ulivyopiga, unaweza kunyoosha baadaye, traki unayotaka tu.

Yote hayo yakikaa sawa, na bado hujapiga noti, hifadhi. Kisha nenda S001, chagua kunakili kutoka wimbo mwingine, S000, bila noti zake. Rudia hadi S005, hifadhi tena. Nyimbo zako sita zina nyumba tayari. Utabadilisha tempo na sauti mbili tatu tu. Anza na ngoma, na ukimaliza ngoma, DISK kwanza, ndipo uguse besi.