Gari la puto za hewa likikukalia kitako porini

Nilikuwa nimebakiza kama mita thelathini kumaliza korongo la mawe niliposikia mlio kama wa tairi linalotolewa upepo. Gari likakaa kitako upande wa nyuma kushoto, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi, na tairi likaanza kusugua tao la bodi. Nikafanya kile ambacho nadhani karibu kila mtu hukifanya: nikabonyeza swichi ya kupandisha gari. Halikupanda. Nikabonyeza tena, na tena. Nilikaa nayo kama robo saa, kompresa (pampu ya hewa ya gari) ikinguruma, mpaka ikanyamaza yenyewe. Nilipoigusa kwa kiganja niliutoa mkono mbio. Ilikuwa ya moto kama pasi.

Ndiyo maana naandika haya. Ile robo saa ilinigharimu kuliko hitilafu yenyewe.

Mfumo huu hauna uchawi. Mahali pa springi kuna puto la mpira kila pembe. Kompresa ya umeme inajaza tangi, bloki ya vali inagawa hewa kwa kila puto kupitia paipu, na sensa zinaiambia kompyuta bodi imeinuka kiasi gani juu ya kila gurudumu. Hewa ikipotea, kompresa ni ya mwisho kustahili kushukiwa, na ndiyo ya kwanza ambayo watu hukimbilia kubadilisha.

Nilipotulia nikakumbuka kwamba gari lilikuwa limenionya kwa miezi. Asubuhi nyingi nililikuta pembe ile ile imeshuka vidole viwili. Nikiwasha inapanda, nami nasahau. Fundi mmoja aliniambia ni kawaida kwa gari la umri ule. Si kawaida hata kidogo. Hewa ikivuja kidogo kidogo, kompresa inaamshwa kila mara kurudisha kilichopotea, wakati imeundwa kufanya kazi dakika chache kisha ipumzike. Ringi ya pistoni inalika. Chembe za kukausha unyevu zinalowa, zinasagika kuwa vumbi, na vumbi lile linaingia kwenye vali. Siku paipu inapoachia kabisa, kompresa unayoitegemea ikuokoe ni mgonjwa wa siku nyingi.

Sasa, likikutokea. Simama pa tambarare kama papo. Acha injini ikiunguruma, maana betri ikiwa dhaifu magari mengi hukataa kupandisha, na funga milango yote; mlango mmoja ulioachwa wazi unatosha kuyafanya yagome. Jaribu swichi mara moja. Likigoma, acha. Kompresa nyingi zina kinga ya joto inayozikatia umeme zikichemka, kwa hiyo ukimya wake si lazima uwe kifo. Ipe nusu saa. Wakati huo angalia fyuzi, kisha zima injini utege sikio karibu na kila gurudumu.

Ila usiingie chini ya gari. Gari lililosimama kwa hewa linaweza kushuka bila taarifa, na nafasi uliyojipenyeza ikatoweka. Kama ni lazima uingie, zima mfumo jinsi kitabu cha gari kinavyoelekeza, piga jeki, weka stendi au magogo imara chini ya chasisi, ndipo uingie. Na usifungue kiungo cha paipu chenye presha ukiwa umekiinamia. Hewa ya humo inaweza kupita presha ya bar 10, na inarusha mchanga machoni.

Kifaa kilichonisaidia kuliko vyote siku ile kilikuwa chupa ya maji yenye sabuni. Nilipaka puto kwanza, kwenye mikunjo ya chini ambako tope na vijiwe hujificha na kuchana mpira. Safi. Nikafuata paipu kuelekea juu. Ilipopita kwenye kishikizo cha chuma, povu likafura polepole kama koo la chura, likapasuka, likafura tena. Paipu ilikuwa imesuguana na chuma kile mpaka ikawa nyembamba kama karatasi, na gurudumu liliponing'inia kati ya mawe ikapasuka. Nikaisubiri imalize hewa iliyobaki, nikakata kipande kilicholika kwa wembe, mkato ulionyooka kabisa (ukikata mshazari haizibi), nikaichomeka upya kwenye kiungo chake. Bahati ilikuwa na urefu wa ziada. Kompresa ilipopoa ikapandisha gari, lakini kwa dakika nyingi, kazi ambayo zamani ilikuwa ya sekunde chache.

Kama ingekataa, ningerudi taratibu sana. Puto tupu likiendeshwa kwa kasi hubanwa na kuchanika, na hapo gharama ndogo ya paipu inageuka kuwa gharama ya puto jipya. Siku hizi nabeba mita mbili za paipu ya kipimo kile kile, viungo viwili, na vali ya tairi iliyofungwa kwenye kipande cha paipu. Kwa hiyo naweza kujaza puto kwa pampu ya matairi bila kuihitaji kompresa wala kompyuta.

Si kila gari lililoinama linavuja. Mkono wa sensa ukivunjwa na tawi, kompyuta inapata habari za uongo na inaweza kutoa hewa kutoka kwa puto lisilo na kasoro yoyote. Dalili ni pembe moja kukaa kimo cha ajabu huku puto likiwa bado gumu ukilibonyeza. Angalia ule mkono mdogo kabla ya kununua chochote.

Na kwa uvujaji wa pole pole, futi ya kupimia ndiyo mpelelezi. Jioni pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa tao, pembe zote nne, andika. Chomoa fyuzi ya mfumo ili kompyuta isijisawazishe usiku ikakufichia ushahidi. Asubuhi pima tena. Pembe moja ikishuka peke yake, anza na puto, paipu na kiungo chake. Mbili za ekseli moja zikishuka pamoja, mimi ningeanzia kwenye bloki ya vali.

Kompresa yangu ilidumu wiki mbili tu baada ya korongo. Nikafunga mpya nikaiachia rilei ya zamani, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima, kwa kuwa ilionekana nzima. Usiku wa tatu nikaamshwa na mngurumo nje, gari limezimwa na funguo ziko mezani. Ncha za chuma zinazogusana ndani ya rilei zilikuwa zimeungua miezi ile yote ya kuwaka na kuzima, zikashikana, kompresa ikabaki inazunguka bila kuagizwa na mtu. Betri ilikuwa karibu kuisha na kompresa mpya imeanza kunuka. Niliing'oa rilei ile nikiwa na nguo za kulalia, tochi mdomoni.