Bomba linatoa maji kiasi gani?

Fundi, nina ndoo na simu tu. Nitajuaje koki yangu inatoa maji kiasi gani?

Basi una vyote. Chora alama ya lita 20 ndani ya ndoo, fungua koki yote, uhesabu sekunde. Yakifika alama kwa sekunde 40, gawanya 20 kwa 40: nusu lita kwa sekunde, yaani lita 30 kwa dakika. Rudia mara tatu, chukua wastani. Mimi huiamini ndoo kuliko karatasi.

Na kasi ya maji bombani?

Gawanya ujazo huo kwa eneo la tundu. Tundu la milimita 20 lina nusu kipenyo cha mita 0.01, zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.14, upate mita za mraba 0.000314. Nusu lita ni mita za ujazo 0.0005. Jibu: kama mita 1.6 kwa sekunde. Wengi huteleza hapa kwa kupima bomba kwa nje. Lenye milimita 25 kwa nje na ukuta wa 2.5 lina tundu la 20 tu. Ukitumia 25 utapata mita 1 kwa sekunde, na hesabu zote zinazofuata zitaharibika.

Kipenyo kikiwa mara mbili, maji nayo mara mbili?

La. Kwa kasi ileile, ni mara nne, kwa sababu eneo hukua hivyo. Ila kwenye bomba refu lenye presha ileile kasi nayo hupanda, maana msuguano umepungua. Maji hukaribia mara sita. Ile “mara 16” ya kanuni ya Poiseuille, hesabu ya maji bombani utakayoikuta vitabuni, ni ya mtiririko uliotulia, usiovurugika, kama wa mafuta mazito.

Nitajuaje kama umetulia?

Mwaka 1883 mhandisi Osborne Reynolds alipitisha uzi wa rangi ndani ya maji kwenye bomba la kioo. Maji yakienda polepole uzi ulinyooka, yalipokazana, ukavurugika. Namba yake: kasi mara kipenyo cha tundu kwa mita, gawanya kwa mnato, yaani uzito wa maji kutiririka, ambao kwa maji ya kawaida ni 0.000001. Chini ya 2,000 yametulia, juu ya 4,000 yamevurugika. Bomba letu lina 32,000!

Geji ya presha inasoma vizuri koki ikifungwa, nikifungua maji ni haba.

Maji yaliyosimama hayana msuguano, kwa hiyo geji inakuonyesha kimo cha tangi tu: kimo cha mita 10 ni presha ya karibu bar 1. Isome maji yakitoka. Ikianguka sana, kuna palipobanwa. Anza na chujio.